Rozimari ya Maua Meupe kwa Bustani Kavu za Dodoma

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wanabustani hapa Dodoma, mwishoni mwa Aprili. Wengi waliokosa kufika wameomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, nanyi vijana mliojibanza kule nyuma chini ya mwarobaini, habari za asubuhi. Ndugu mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nina swali. Ni nani kati yetu hajawahi kuambiwa kwamba Dodoma si mahali pa bustani? Nyoosheni mikono niwaone. Hakuna hata mmoja. Sote tumeambiwa. Tumeambiwa na ndugu zetu waliohamia kutoka Moshi, tumeambiwa na waliotoka Bukoba, tumeambiwa na waliotoka Tukuyu, na wengi wetu tumekubali. Tukaagiza miche kutoka Lushoto, tukaipanda kwenye jua la Nzuguni, tukainywesha asubuhi na jioni maji tuliyoyanunua kwa dumu, na mwezi wa tisa upepo ulipokaza, ikakauka yote. Je, ardhi ndiyo iliyokosea? Ardhi haijakosea kitu. Tumekuwa tukiilazimisha kubeba mimea ya nchi za mvua.

Leo nataka kuusemea mmea mmoja ambao jua letu ni haki yake. Mnaijua rozimari. Wengi wenu mmeiona ile ya maua ya buluu, ile inayopandwa kwenye njia za hoteli na kutiwa kwenye viazi vya kuoka. Mimi nawaletea dada yake mwenye maua meupe, ambaye ni wachache hapa wamewahi kumwona, na nataka mpaka mwaka kesho awe kwenye nyua zetu.

Kwanza tujue kwao. Rozimari ni mmea wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Ugiriki, na upande wetu huu, Morocco, Algeria na Tunisia. Sikilizeni hilo vizuri. Ni mmea wa Afrika pia. Huko humea wenyewe kwenye vilima vya mawe ya chokaa, palipo na udongo haba na jua la kutwa.

Sasa chukueni mji wa Málaga, kusini mwa Hispania. Kwa mwaka mzima Málaga hupata mvua ya milimita 530 hivi. Dodoma yetu hupata wastani wa milimita 570 hivi. Mmesikia? Tunakaribiana! Málaga ina miezi ambayo mbingu hazitoi kitu, nasi kuanzia Juni hadi Oktoba hatuoni mvua. Kwa hiyo anayewaambia kwamba rozimari itakufa kwa ukame wa Dodoma, mwambieni akaangalie kwao rozimari kukoje.

Ila kuna tofauti moja, na hiyo nitairudia mpaka mchoke. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi. Kwetu hunyesha wakati wa joto, Desemba hadi Aprili. Kwao rozimari haikuzoea kukutana na joto na maji mengi kwa wakati mmoja. Kwetu hukutana nayo yote mawili mwezi wa kwanza. Ndugu zangu, rozimari ya Dodoma haina ugomvi na Septemba. Ugomvi wake ni na Januari. Narudia: ni Januari.

Nimekuja na vitawi. Tafadhali pokezaneni, kila mmoja achume jani moja. Mmeshika? Lione juu: kijani kizito, gumu kidogo. Sasa ligeuzeni. Kingo zake mbili zimejikunja kwenda chini, na katikati pamebaki mfereji mwembamba wenye weupe. Ule weupe ni vinywele vidogo vidogo. Matundu ambayo jani hupumulia yamejificha humo, ndani ya vinywele, ambamo upepo mkavu haufiki kirahisi. Haya, lifikicheni sasa. Mnaisikia harufu? Hayo ni mafuta yaliyotunzwa kwenye vitezi vya jani. Ndani yake mna sineoli, ile ile mnayoisikia kwenye mkaratusi, na mna kafuri. Jani zima limeumbwa kubana maji. Sasa niambieni, mmea uliojifunika namna hii, kweli mnataka kuumwagilia kila jioni?

Nawasimulia kisa. Kuna mama mmoja wa Nkuhungu, jina lake nalihifadhi. Alinunua miche miwili ya rozimari. Mmoja, ule mzuri, aliupanda karibu na bomba la uani, pale anapooshea vyombo, pembeni ya mchicha wake, kwa sababu alitaka auone kila siku na aulee. Ule wa pili ulikuwa umepasukiwa njiani kiriba chake, ule mfuko wa udongo wa mche, umelegea. Mwanawe akaenda kuupachika nyuma ya choo, juu ya kifusi kilichobaki wakati wa kujenga: vipande vya matofali, mchanga, kokoto, chokaa iliyoganda. Hakuna aliyeukumbuka.

Mwezi wa kwanza ule wa bombani ukaanza kuwa kahawia, majani ya chini kwanza, halafu ncha za matawi zikainama. Mama alipoona zimeinama alifikiri nini? Alifikiri una kiu. Akaongeza maji. Ukainama zaidi. Akaongeza samadi. Kufika Februari umekwisha. Nilimwomba tuung'oe tuutazame, na ninataka mkumbuke tulichokiona: mizizi ilikuwa ya kahawia na laini, ukiuvuta mzizi kwa vidole viwili ganda lake linavuka lote na kubaki mkononi, na ndani panabaki kiuzi chembamba. Harufu yake ilikuwa ya tope la mtaro. Kisha tukazunguka nyuma ya choo. Ule wa kifusini ulikuwa unanifika magotini, mgumu, majani yamesimama, na haukuwa umepewa hata kopo moja la maji tangu mvua zianze.

Kwa nini? Mzizi unapumua. Kati ya chembe na chembe za udongo kuna hewa, na mzizi huishi kwa hewa hiyo. Udongo ukilowa siku nyingi mfululizo, maji hukaa mahali pa hewa, mzizi hukosa pumzi, na vimelea vya kuozesha hupata mlango. Na balaa kubwa ni hili: mmea uliooza mizizi hauwezi tena kuvuta maji, kwa hiyo unanyauka sawasawa na mmea wenye kiu. Dalili zafanana! Ndiyo maana watu wenye upendo ndio wanaoua rozimari nyingi. Kabla hamjashika keni, ingizeni kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, weka keni chini. Ukikuta pakavu, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kwa kina, maji yashuke mpaka chini. Kunyunyizia vijiko viwili kila jioni hufundisha mizizi kukaa juu juu, ambako jua la Dodoma litaichoma.

Mche mpya ni habari nyingine, usije ukanielewa vibaya. Miezi ya kwanza mpe maji mara moja au mbili kwa wiki, kisha uwe unarefusha nafasi kidogo kidogo. Ukishajikita, kwenye kiangazi kikali unatosheka na maji ya kina kila baada ya wiki mbili hivi. Linganisheni na nyanya. Linganisheni na nanaa, ambayo kwa ukoo ni ndugu wa rozimari, pamoja na mrehani na kivumbasi, lakini nanaa inataka miguu yake iwe majini. Msiwapande pamoja. Atakayefurahi mmoja, mwenzake ataumia.

Sasa, mahali pa kupanda. Tafuteni panapopigwa na jua saa sita kwa siku au zaidi. Hapa kwetu, kwa kweli, kazi ni kupata pasipo na jua. Chimba shimo la futi moja, lijaze maji, nenda kaendelee na shughuli zako. Ukirudi baada ya saa mbili tatu ukakuta maji bado yametuama, hapo si pa rozimari. Wale wenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, nyanyueni tuta la urefu wa goti, mlijaze udongo wa kichanga, mchanga wa mtoni na kokoto ndogo au kifusi kilichopondwa. Ndiyo, kifusi! Kile mnacholipia watu waje wakizoe. Chokaa iliyomo haiisumbui rozimari hata kidogo, huko kwao imezaliwa juu ya mawe ya chokaa. Samadi wekeni kidogo sana, iliyooza vizuri, au msiweke kabisa. Rozimari iliyoshibishwa mbolea huota haraka, inakuwa laini, inalala, na harufu yake hupungua.

Na matandazo? Tumefundishwa kutandaza nyasi, na kwa mahindi na mboga ni mafundisho mazuri. Kwenye rozimari nyasi zinazogusa shina hutunza unyevu pale pale tusipoutaka, na ninyi mnajua nani mwingine anazipenda nyasi kavu za Dodoma. Mchwa. Tandazeni changarawe. Maji ya mvua yanapita, shina linabaki kavu, na jua likipiga kwenye changarawe jioni mmea unapata joto lake.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza, na ile ya maua meupe mbona huitaji? Naitaja sasa, mama yangu. Ilinibidi nianze na mizizi.

Huko Ulaya Wakristo wana simulizi ya zamani. Wanasema hapo mwanzo maua ya rozimari yote yalikuwa meupe. Bikira Maria, alipokuwa akikimbilia Misri na Mtoto, alipumzika njiani akatandaza joho lake la buluu juu ya kichaka cha rozimari. Alipoliondoa, maua yalikuwa yamegeuka buluu, na hivyo yamebaki hata leo. Ni simulizi tu, lakini naipenda, kwa sababu inaupa ule mweupe heshima ya mzaliwa wa kwanza.

Kwa upande wa maumbile, ule mweupe ni mmea ule ule, uliokosa rangi kwenye petali. Wataalamu wa zamani waliuita Rosmarinus officinalis, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Siku hizi umehamishiwa kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, ya Salvia, unaitwa Salvia rosmarinus. Mkikuta kibandiko kimeandikwa Albus au Albiflorus, huo ndio mweupe. Sogezeni ua karibu na macho: lina midomo miwili, wa chini mpana, na chavua hubebwa na vikonyo viwili tu vilivyopinda kutoka juu. Mara nyingine mtaona mishipa hafifu ya zambarau kooni. Msishtuke, bado ni mweupe.

Na kwa nini nahangaika na weupe? Kwa ajili ya jua letu na udongo wetu. Buluu ya rozimari ni buluu ya upole. Ipelekeni kwenye mchana wa Dodoma, mbele ya ukuta wa tofali na udongo mwekundu, inapotea. Weupe haupotei. Na jioni tunapotoa viti nje kupunga upepo, buluu imeshamezwa na giza, meupe bado unayaona. Mimi naona ndiyo rangi inayofaa uwanja wa mtu anayerudi kazini jua likishazama. Hapa kwetu ubaridi wa usiku wa Juni na Julai ndio huuamsha mmea uchanue, kipindi ambacho bustani nyingi zimefunga.

Lakini uweupe una sharti. Msitegemee mbegu. Mbegu za rozimari huota polepole, huota chache, na nyuki akishapita kwenye ya buluu akaja kwenye nyeupe, mbegu haiwezi kukuahidi rangi. Majani nayo hayasemi, ya mweupe na ya buluu yanafanana. Kwa hiyo ukienda kitaluni, nunua mche ukiwa na ua. Muuzaji akikwambia "huu ni mweupe, utaona ukichanua", mwambie kwa heshima kwamba utarudi utakapochanua. Njia ya uhakika ni kukata kitawi kutoka kwa mmea mama wa maua meupe. Kitawi hicho ni yule yule mama, ana rangi ile ile.

Na kitawi kinaweza kusafiri mbali kiasi gani? Tarehe 25 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Australia na New Zealand yalitua Gallipoli, Uturuki. Vilima vya kule vina rozimari ya mwitu. Waustralia husimulia kwamba askari mmoja aliyejeruhiwa alirudishwa nyumbani akiwa na kichaka kidogo cha rozimari alichokichimbua kwenye makorongo yale, nacho kikapandwa kwenye hospitali ya jeshi huko Keswick, Adelaide. Adelaide nako kiangazi ni kikavu. Kichaka kikashika. Miongo mingi baadaye watu wakakata vitawi vyake, wakavichipuza, na leo mimea iliyotokana na kile kichaka imeenea Australia. Kila tarehe 25 Aprili Waustralia hubandika kitawi cha rozimari kifuani kuwakumbuka waliokufa. Majeruhi mmoja, kichaka kimoja! Sisi tutashindwaje kuupeleka mmea kutoka Area C hadi Ihumwa?

Njia ya kwanza, kukata. Chagueni tawi la mwaka huu, lisilo laini kama mchicha wala gumu la kahawia, urefu wa kidole kirefu au zaidi kidogo, sentimita 10 hivi. Kata chini ya pacha ya majani kwa kisu kikali. Pukutisha majani ya nusu ya chini. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga wa mtoni mwingi na udongo kidogo, nyunyizia, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko chake ukiacha wazi. Weka kivulini. Hewa ya Dodoma ndiyo adui hapa, hukausha kitawi kabla hakijapata mzizi, na chupa ndiyo kinga. Baada ya wiki nne mpaka nane vuta taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kwa hali ya hewa yetu. Laza tawi la chini bado likiwa kwa mama yake. Likwaruze kidogo upande wa chini, lifukie sehemu ya katikati, weka jiwe juu, acha ncha ichungulie nje. Mama anaendelea kulinyonyesha mpaka litoe mizizi yake. Halafu unakata na kuhamisha. Haina chupa, haina wasiwasi.

Upogoaji nausema kwa ufupi, ila ushikeni. Pogoeni baada ya maua, punguzeni ncha, sehemu yenye majani. Msishuke hadi kwenye mti mkavu usio na majani. Rozimari, tofauti na mwarobaini huo mnaokalia, ikikatwa kwenye mti mzee mara nyingi haichipui tena. Nimeona uzio mzima umekuwa vijiti mwezi mmoja baada ya kijana wa bustani kupita na panga, naye alifanya kwa nia njema, alitaka uwe nadhifu. Mwelekezeni kabla hajaanza. Mkipanda uzio, acheni sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche. Unaweza kufika kimo cha mtu.

Wafugaji wa nyuki, mko wapi? Huko kusini mwa Ufaransa, Narbonne, asali ya rozimari ina sifa tangu enzi za Warumi, na Hispania wanaivuna hadi leo. Sisemi kichaka kimoja kitajaza mzinga. Nasema kiangazini, maua yanapoadimika, nyuki wetu watakuja kwenye huo weupe, na wale wadogo wasiouma watakuja pia.

Jikoni mnajua wenyewe. Lakini jaribuni hili: mkichoma mbuzi, fungeni vitawi vitatu vinne kwa uzi viwe brashi, mchovyeni kwenye mafuta, limao na chumvi, mpakie nyama nayo juu ya mkaa. Mwisho itupeni ile brashi juu ya makaa. Mtaona.

Akina dada wataniuliza kuhusu nywele, najua. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Iran, uliolinganisha mafuta ya rozimari na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa watu 100 wenye upungufu wa nywele, na baada ya miezi sita matokeo hayakutofautiana sana. Ni utafiti mmoja, mdogo. Mafuta makali ya chupa msipake bila kuyachanganya na ya nazi, yanawasha. Na mjamzito asinywe rozimari kama dawa. Kiungo kidogo kwenye chakula hakina neno.

Sasa mvua zinaelekea ukingoni, na huu ndio wakati wake. Udongo bado una unyevu, jua la Mei halijawa kali, na mche utakaopandwa wiki hizi una miezi saba ya kujikita kabla ya kukutana na mvua za Desemba. Kule mezani pana viriba, vyote nimevikata kwa mmea mama mmoja mweupe. Mwenye bustani achukue kimoja, mwenye uwanja mkubwa achukue viwili, na shule zilizoleta wawakilishi zianze kuchukua kabla yetu. Kabla hujaondoka, mwachie katibu jina lako na mtaa wako, ili mwakani Julai ikichanua tujue nani wa kumwendea kwa vitawi. Karibuni kwa maswali, tuanze na mzee wetu wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kifusi.